Wastani wa Saa Nane na Nusu

Sijui kutulia. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa na upupu, na Jumamosi ile katika darasa la watu wazima Ntinda, nikiwa na karatasi ya grafu mbele yangu, nilijikuna kweli. Nguzo mbili upande wa kushoto, nguzo mbili upande wa kulia, katikati patupu. Wastani: nane na nusu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Waulize watu ishirini swali moja, fupisha majibu yao kwa wastani na namba ya katikati, kisha uchore. Mimi niliwauliza wachuuzi wa mwalo wa Ggaba, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki, wanafika saa ngapi kununua samaki. Mwalimu, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, alisema wazi kwamba asiyeleta kazi hii sawasawa hatamtilia saini fomu ya mtihani. Nami nilishaanguka hesabu mara moja. Nimefundisha madrasa miaka kumi na tano bila cheti. Bila hesabu chuo cha ualimu hakinitaki, na kila mzazi akiniuliza nimesomea wapi naona aibu inayouma.

Sasa nane na nusu ni nini? Kwa saa za Kizungu, hapo mwaloni wanaosha meza. Kwa saa zetu ni mchana wa jua kali, hata paka wameshaondoka. Nikajumlisha tena. Nikagawanya tena. Nikaikasirikia rula.

Kisha nikakumbuka. "Sikisi, nyabo," alinijibu mchuuzi mmoja kwa Kiingereza chake, akiniita bibi kwa Kiganda, nikaandika 6. Wa pembeni yake akasema, "Saa kumi na mbili," nikaandika 12. Na wote wawili walikuwa wamefika pamoja, jua linachomoza! Ndio sisi watu wa Kampala: nyumbani saa za Kiswahili, benki saa za Kizungu, tunabadilisha bila kufikiri. Haraka haraka haina baraka, na mimi baraka hizo sijawahi kuzingoja.

Ningeweza kusahihisha palepale: kumi na mbili iwe sita, kumi na moja iwe tano, basi. Kalamu ilishagusa karatasi. Lakini zile tano na sita zenyewe je? Kama kuna aliyesema saa sita kwa Kiswahili, huyo ni wa adhuhuri. Lugha ya kila jibu sikuwa nimeiandika. Roho ikakataa kutulia.

Jumatatu nikarudi Ggaba asubuhi na mapema. Nikawapata mmoja baada ya mwingine, nao wakanicheka: "Nyabo, hii masomo yako naisha lini?" Wote walifika alfajiri. Nikamkosa mmoja tu, mama wa Kikongo.

"Huyo ngoja," akaniambia muuza ngege, wale samaki wengine huwaita sato.

Kungoja! Nilizunguka mwalo mpaka viatu vikanuka. Yule mama akaja na ndoo yake adhuhuri ikikaribia, mezani pamebaki mgongo wazi tu, ile mifupa iliyokwisha kukatwa minofu.

"Miye nakuyaka saa sita ya muchana, mama," akasema. "Asubui samaki ni ya benye pesa."

Nikachora upya, mara hii kwa saa za Kizungu kwa wote. Watu kumi na tisa wakasongamana kwenye tano na sita za asubuhi. Yeye akasimama peke yake kule kwenye kumi na mbili. Namba ya katikati haikumjali hata kidogo. Wastani aliusogeza kidogo tu.

Jumamosi mwalimu akaweka kidole juu ya nguzo ya mama yule. "Mama, hii toa. Iko mbali sana na wenzake. Ni kosa tu." Ikiondoka, akasema, anasaini sasa hivi.

Fomu ilikuwa mezani. Raba nayo ilikuwa mezani. Niliitaka ile saini, Mungu ananijua.

"Si kosa," nikasema, na sauti ikapanda hata darasa zima likageuka. "Nimemuuliza mara mbili."

"Sasa huyo mama nafanya nini huko saa hiyo?" akauliza mwalimu.

Nikamweleza habari za mgongo wazi: asiye na pesa za samaki wa asubuhi hungoja mifupa ya mchana. Aliinama akasaini, raba akairudisha mfukoni, nami nikatoka nje nikalia kwa hasira na furaha pamoja, nisijue ipi imetangulia.