Mkono Kwenye Pembe ya Picha

Kuta za nyumba niliyopewa Kibondo zilikuwa tupu kiasi kwamba nikikohoa sebuleni, chumbani kunaitikia. Ilikuwa mwaka 2013, nimetoka Tanga kuja kufundisha sekondari, na kwenye mizigo yangu nilikuwa na sufuria, vitabu na magodoro mawili, lakini picha hata moja sikuwa nayo. Nilivumilia kwa muda. Siku niliyojikuta naongea na ukuta wakati nachambua mchele, nikasema hapa nisipotafuta picha nitaonekana mwendawazimu.

Picha zilikuwa Kasulu. Karibu na soko palikuwa na duka la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani kama mimi, aliyekuja huku ujanani kufanya biashara na hakurudi tena. Aliuza mikeka, vioo vya kunyolea na picha za ukutani, na fremu alizichonga mwenyewe kibarazani. Aliposikia lafudhi yangu alinipa kiti na chai ya tangawizi, akaniita binti yangu, kisha akanishushia bunda zima la picha.

Sasa mimi katika kuchagua picha ni msumbufu, nakiri. Namwomba muuzaji aishike ukutani, natoka hadi barabarani, halafu naingia tena kama mgeni aliyekuja kusalimia. Picha ikinirukia usoni kwa fujo, siitaki, kwa sababu kesho itakuwa imenichosha. Nataka ile inayoniacha nikae kwanza. Na wala haihitaji kuwa ya gharama. Karatasi ya kuchapwa ikichaguliwa vizuri huipa nyumba heshima kuliko kabati la vioo.

Bunda lile karibu lote lilikuwa la fujo. Maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana, maji yana rangi ya sabuni ya unga. Vikapu vya zabibu na matufaha, kana kwamba kuna mtu huku anakula hivyo asubuhi. Farasi wanakimbia, mtoto wa kizungu amevalishwa ua kichwani. Watu wananunua, na sebule nyingi nilizokaribishwa Kibondo zilikuwa na maporomoko yale yale, hata nikawa nasahau niko kwa nani.

Ile niliyoitaka ilikuwa chini kabisa. Ilikuwa imetolewa kwenye kalenda kubwa ya zamani, sehemu ya miezi imekwishakatwa. Mwanamke na mtoto wa kike wamesimama kwenye barabara ya udongo mwekundu, wameshikana mikono, nyuma yao kuna watu na mizigo. Udongo ule ulikuwa mwekundu wa kweli, na kitenge cha yule mwanamke kilikuwa cha njano iliyoiva. Nilitoka barabarani, nikaingia, nikakaa. Nikamwambia mzee nimepata.

Nikamwachia aitie fremu, nikaenda sokoni kutafuta dagaa. Niliporudi moyo ulinilipuka. Picha ilikuwa tayari ndani ya kioo, lakini mwanamke hayupo. Amebaki mtoto peke yake, na pembeni mkono mmoja wa mtu mzima unaingia kutoka nje ya picha, umemshika. Nilifoka, siwezi kuficha. Mzee hakushtuka hata kidogo. Alisema kioo alichonacho ni cha kipimo hicho tu, na kati ya kioo na karatasi, kinachopungua ni karatasi. Kazi yake ilikuwa imara, hilo lazima niseme, maana nyuma alikuwa amekandamiza maboksi na makaratasi ili barabara ya Kibondo isije ikakipasua kioo. Nikanuna, nikalipa, nikaondoka nayo.

Baada ya wiki chache hasira ilikwisha. Nikaanza hata kuupenda ule mkono. Mtoto alikuwa anatazama mbele kwa ukali, na mkono ule ulikuwa kama unamwambia atulie. Nilijiambia hapo patakuwa Ethiopia, au Sudani, mahali pa mbali.

Jirani yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Muha wa Mabamba, umri wake unakaribia thelathini. Kila asubuhi tulisalimiana kwa Kiha, yeye akinicheka ninavyoitamka mwakeye. Alikuwa safarini kwao nilipoitundika picha, shamba lilikuwa limemweka huko likizo nzima. Aliporudi alikuja na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaingia akizungumza. Katikati ya sentensi akanyamaza.

Nilidhani ameumwa. Alikwenda hadi ukutani, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mkono wa yule mtoto, mahali palipokuwa na kovu la kuungua, kubwa, linang'aa. Kisha akakunja mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko.

Kovu lile nililijua. Nimeliona kila siku akifua, akichota maji, akinimegea ugali. Na lile la kwenye picha nimelitazama mwezi mzima nikinywa chai, mimi ninayejisifu kwamba najua kutazama picha. Macho yangu hayakuwahi kuyakutanisha hayo mawili.

Alikaa sakafuni. Akanieleza kwamba hiyo ilikuwa Mabamba, siku ya soko, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanavuka mpaka kwa makundi. Wazungu walipita na kamera, wakawasimamisha yeye na mama yake waliokuwa wamepeleka maharage, wakapiga, wakaenda zao. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, akijifungua. Yeye alikuwa bado mdogo, na uso wa mama ulimtoka kichwani kidogo kidogo. Kwao hapakuwa na picha ya mama, si ya harusi wala ya kitambulisho.

Nami nikamweleza kwamba niliichagua picha ikiwa nzima, mzee wa Kasulu ndiye aliyeikata. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Madam, hapa pembeni alikuwepo mtu. Wewe ulimwona. Yukoje?"

Nikafungua mdomo. Kitenge kilikuja, cha njano, hadi mikunjo yake. Udongo ulikuja. Uso haukuja. Nilijaribu tena, nikafumba macho, nikaingia upya kwenye lile duka kama mgeni, nikakaa kwenye kiti cha mzee. Palipokuwa na uso palikuwa na njano tu. Nikamwambia alivaa kitenge kizuri. Aliitikia kwa kichwa, na ule upole wake uliniuma kuliko kama angenitukana.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, tukaondoka asubuhi kwenda Kasulu. Shabaha yetu ilikuwa moja, kumwuliza mzee kama ana nakala nyingine ya ile kalenda. Jirani alikataa kuiacha picha nyumbani. Aliifunga kwa khanga, akaipakata, na kila basi liliporuka shimo aliinyanyua kwa mikono miwili isigonge. Nilikuwa naomba kimoyomoyo tu nakala nyingine iwepo.

Haikuwepo. Mzee alisema ilikuwa hiyo hiyo moja, ilikuja imechanganyika na mali ya duka alilolinunua kwa mtu aliyehama. Nikamweleza kisa chote, na nilipofika kwenye mama, alivua kofia yake akaiweka mezani. Alimtazama jirani yangu, akaitazama picha mapajani mwake, na uso ukambadilika.

"Binti," alimwambia, "kwani mimi hutupa karatasi?"

Akaichukua fremu, akailaza kifudifudi juu ya mkeka. Akang'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, bila haraka, nami nikiwa natamani kumpokonya. Akaondoa boksi la kwanza. Chini yake palikuwa na ukurasa wa gazeti, halafu boksi jingine, jembamba. Akaliinua nalo. Karatasi ndefu nyembamba ilikuwa imelala pale, upande wake mweupe juu. Kipande alichokikata alikuwa amekitumia kukandamizia picha ile ile aliyoikata.

Njia nzima kutoka Kibondo, kwenye mashimo yote yale, jirani yangu alikuwa amempakata mama yake.

Mzee hakukigeuza yeye. Aliusogeza mkeka mbele ya jirani, akarudi nyuma. Jirani alijifuta viganja kwenye khanga, akakigeuza, akakilaza kando ya picha, akakisukuma taratibu hadi kingo zikakutana na mkono ukapata mwenyewe.

Safari hii niliutazama uso. Uso wa mviringo, shavu moja lina shimo dogo kana kwamba anajizuia kucheka mbele ya wageni, kilemba kimepinda kidogo. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa natafuta mama, mtu mzima, mwenye uzito wa mama. Pale alikuwa amesimama msichana, hajafika hata miaka ishirini na tano.

Jirani hakulia. Alikaa akimtazama, muda mrefu, hata mteja aliyekuja kutaka kioo akaondoka bila kuhudumiwa. Mzee aliniuliza kwa kunong'ona kama atengeneze fremu ndefu itakayowachukua wote wawili, nikamwitikia, akatoka kibarazani kutafuta mbao.

Ndipo jirani aliponigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo ambalo halikuwahi kumpitia akilini.

"Madam," alisema, "huyu ningekutana naye sokoni leo, ningemwita mdogo wangu."