Donge Kwenye Chupa

Mama alipofariki nilikuwa naosha chupa kwenye maabara ndogo ya mifugo hapa Tunduma. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini nilijiita dokta, na dada mtaalamu aliyekuwa akikuza seli za figo ya mbuzi alinikubalia kwa kucheka.

Niliporudi kazini kutoka msibani Hasamba, nilimkuta ameinamia hadubini.

"Dokta, njoo uone wagonjwa wako."

Nikachungulia. Seli zilizokuwa zimejitandaza chini ya chupa kama mkeka, sasa zilikuwa madonge madonge, zinaelea kwenye maji mekundu ya chakula chao. Nikafurahi. "Zinapendana, dada!"

"Zinapendana wapi! Nyingine zimekufa, zikapasuka, zikamwaga utelezi unaonata kama mlenda. Nzima zimenasa humo. Za katikati chakula hakizifikii, nazo zitakufa."

"Si utikise chupa?"

"Ukitikisa unapasua nyingine, mlenda unazidi."

Akachukua mrija, akawa anavuta na kuachia, polepole, mpaka donge likaanza kulegea.

Nilikuwa nimetoka msibani na mdogo wangu wa kike, na tangu tumzike mama hakuachia shati langu. Kikao cha ukoo kiliamua aende kwa mama mdogo, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akasome. Nikakataa kabisa, nikaja naye kwenye chumba changu. Kula yangu ya kubahatisha, lakini si tungekuwa pamoja?

Jioni ile nilimkuta amekaa mlangoni, ugali niliomwachia asubuhi hajaugusa. Nikampigia mama mdogo simu.

Jumamosi tukakutana naye mpakani.

"Haya mwanangu, twende. Wenzako wanakungoja ucheze nao."

"Siendi! Kaka, mwambie siendi!"

Mama mdogo akamshika mkono amvute.

"Usimvute, mama. Niachie mimi."

Nikachuchumaa, nikaanza kuvifungua vidole vyake kwenye shati langu, kimoja kimoja, polepole. Vilikuwa vinanata pipi niliyomnunulia ili asilie. Nikamtania kwamba nitakuja kumchoma sindano, mimi si dokta? Hakucheka. Alikwenda akigeukageuka, mpaka malori yakamficha.

Shati lilibaki na mikunjo pale alipokuwa ameshika. Jumatatu nikaenda nalo kazini hivyo hivyo, bila kulipiga pasi.