Jina Langu Kwenye Kadi ya Wimbo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nanyoosha mgongo. Umenikumbusha wewe mwenyewe jana, uliponijia mbio kuniomba simu. Hata shikamoo uliitupia mlangoni. Ukasema kuna kura ya nyimbo bora za nchi nzima, kila simu kura moja, na kwamba yako umeshaipiga, sasa unataka kupiga na yangu. “Bibi, wewe lete tu, mimi namjua wa kumpa.” Sikukupa. Ukanuna, ukaondoka umevimba kama kitumbua. Sasa kaa hapo nikueleze kwa nini, na usinikatize.

Enzi zile za ujamaa tuliishi Mtaa wa Sikukuu, hapa hapa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na watu wake. Baba yangu alikuwa mtu wa Masasi, mpakia mizigo bandarini, na mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeposwa na fundi cherehani wa Mtaa wa Swahili, jina lake Hamisi, kijana mtanashati, mwepesi wa maneno. Aliyenifunda alikuwa Bi Tatu, muuza nazi sokoni, aliyepanga chumba cha mbele. Yeye ndiye aliyekuwa somo yangu. Siku zile msichana aliyeposwa hazungumzi na mchumba wake mbele ya wazee. Ukiwa na neno unamnong'oneza somo nyuma ya pazia, naye analipeleka. Bi Tatu aliiweza kazi hiyo. Neno langu likitoka chungu, kwa Hamisi linafika limetiwa sukari.

Basi redio ikatangaza kwamba wasikilizaji wachague wimbo bora kuliko nyimbo zote zilizopigwa na bendi zetu tangu Uhuru. Kila mtu atume kadi moja ya posta, aandike jina lake na wimbo mmoja. Nakwambia Kariakoo ilichafuka! Vinyozi waligombana na wateja wao wakiwa wameshika wembe. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi hawasalimiani, kisa mpiga gitaa.

Hamisi alikuwa katibu wa wapenzi wa bendi moja kubwa ya mjini. Sitaitaja, maana mashabiki wake bado wapo na miaka haijawapoza. Kila baada ya alasiri alikuja barazani kwetu kutetea wimbo wao. Alijua kutetea, simnyimi haki yake.

“Wimbo bora,” alisema, “ni ule ukipigwa tu, hakuna anayebaki kitini.”

Bi Tatu alikuwa akikuna nazi zake pembeni. Akamjibu bila kuinua kichwa, “Basi hata moto ni wimbo bora, Hamisi. Nyumba ikiwaka hakuna anayebaki kitini.”

Baraza zima lilicheka, Hamisi naye akacheka. Lakini hakukata tamaa. Akaeleza kwamba watu wa mikoa yote wanaucheza wimbo ule, mtu wa Songea na mtu wa Bukoba wanauimba kwa Kiswahili kimoja, na jambo kama hilo lisipoitwa bora basi neno bora lifutwe. Alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimsikiliza, nikajisikia fahari kwamba huyu ndiye mume wangu mtarajiwa.

Ila moyo wangu ulikuwa kwenye wimbo mwingine. Ulikuwa wimbo wa bendi ndogo isiyojulikana, wa taratibu, usiochezeka hata ukilazimisha. Uliitwa “Kengele ya Mkonge.” Unasimulia juu ya wakata mkonge wanaoamshwa alfajiri kwa kengele, majina yanaitwa moja moja, kila mtu anaitika “Nipo,” mpaka linafika jina moja ambalo haliitikiwi. Baba yangu aliwahi kukata mkonge huko Tanga akiwa kijana, yeye na mdogo wake. Alirudi peke yake. Habari za mdogo wake hakutusimulia kamwe, tulizijua kwa vipande tu. Ila wimbo ule ukipigwa redioni, baba alikuwa anaacha alichokuwa anafanya, akiwa anakula anaacha kula, anasimama wima mpaka uishe. Kisha anaketi anaendelea. Kwangu mimi, wimbo unaoweza kumsimamisha baba yangu hakuna wa kuufikia.

Siku yenyewe Hamisi alifika na bunda la kadi. Alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akikusanya. Mwanzoni aliwaandikia wale wasiojua kuandika, na hilo ni jambo jema, lakini likaota mizizi mpaka mtaa mzima ukaona ndiyo desturi. Mtu anatoa jina lake tu, wimbo Hamisi atajaza. Baba naye alikuwa ameshatoa jina lake, kwa heshima ya mkwe. Wimbo wake hasa hakuna aliyemuuliza.

Hamisi akaketi ukumbini na baba na wapangaji wawili watatu, akasema kwa sauti ili nimsikie, “Imebaki ya Zuhura tu. Aandike jina, mengine niachieni.”

Mimi nikamnong'oneza Bi Tatu, “Mwambie sitaki. Nina wimbo wangu.”

Nikamngojea alainishe kama kawaida yake, aseme mtoto anaumwa kichwa, au atafikiri kwanza. Hakuinuka. Akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

“Hili sikubebei,” alisema.

“Somo, tafadhali! Nitasemaje mbele ya baba?”

“Kwa mdomo. Posa yako nimeipokea mimi, mavazi yako nimeyasemea mimi, hata aibu zako nazificha mimi. Lakini unachokipenda ndani ya moyo wako nikikisema mimi, kitakuwa changu. Unataka kuolewa huku umejificha nyuma ya kanga yangu? Mimi nitakufa, Zuhura. Utamnong'oneza nani?”

Mwanangu, niliogopa. Usidhani tulikuwa majasiri kuliko nyinyi. Nilijua mchumba anaweza kuudhika, posa ikavunjika, nami nikawa hadithi ya sokoni kwamba niliachwa kwa ajili ya wimbo. Na nilimpenda Hamisi. Lakini niliona pia kwamba nikimpa jina langu tupu leo, kesho atalijaza jambo jingine, wala sitaweza kumlaumu, maana nitakuwa nimemzoesha mwenyewe.

Nikasogeza pazia, nikatoka. Nikampigia baba magoti nikamwamkia, kisha nikasimama nikamtazama Hamisi usoni.

“Kadi yangu nitaandika mwenyewe,” nikasema. “Wimbo wako ni mzuri, nami nitaucheza siku ya harusi yetu ukitaka. Lakini si wimbo wangu. Wangu ni ‘Kengele ya Mkonge.’”

Mmoja wa wapangaji akaguna, “Ule wa msibani?” Hamisi masikio yalikuwa yamemwiva. Nikachukua kadi na kalamu kutoka mkononi mwake, nikaandika jina langu, nikaandika wimbo, na chini yake nikaongeza, “Kwa sababu baba yangu husimama akiusikia.” Kisha nikamrudishia.

“Unakwenda Posta na hizo nyingine,” nikamwambia. “Naomba na hii uipeleke.”

Akaitia kwenye bunda, akaaga, akaondoka. Baba hakunigombeza wala hakunisifu. Alitazama chini tu. Bi Tatu akarudi kwenye nazi zake.

Siku zilizofuata Hamisi hakukanyaga kwetu. Wasichana wa nyumba ya jirani wakaanza kunitazama kwa huruma ile yenye kicheko ndani. Nililia, sikufichi. Lakini kila nilipojiuliza kama ningerudishwa pale ukumbini ningesema tofauti, nilijijibu hapana. Nilibaki nikiwaza kadi yangu tu. Angeweza kuichana njiani, na nani angejua?

Redio ikaanza kusoma kadi za wasikilizaji kila jioni. Wimbo wa akina Hamisi ulikuwa ukitajwa mpaka tukauchoka, na mwisho ulishika nafasi ya juu, walistahili. Jioni moja baba alikuwa anamenya muhogo. Mtangazaji akasema, “Huyu hapa kachagua wimbo ambao hakuna mwingine aliyeuchagua. Zuhura, wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.” Akasoma na yale maneno niliyoyaongeza. Gitaa likaanza.

Baba akaweka kisu chini, akasimama. Safari hii hakunyamaza. Lilipoimbwa lile jina lisiloitikiwa, baba yangu akaitika kwa sauti, ukumbi wote ukasikia: “Yupo!”

Nilipogeuka, Hamisi alikuwa mlangoni. Naye alikuwa amesimama, ameshikilia kofia yake kifuani, hakukaa mpaka wimbo ulipokwisha. Ndiye babu yako huyo. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulimwasha kuichana kadi ile mpaka mlangoni pa posta, na kwamba tangu pale hakujaza tena jina la mtu. Na kweli, miaka yote tuliyoishi, alikuwa akiniuliza kwanza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mpende mwimbaji wako, mtetee barazani mpaka sauti ikukauke, washawishi watu kwa hoja. Lakini jina la mtu usiliombe likiwa tupu, na lako usilitoe likiwa tupu, hata kwa unayempenda, hata kwa jambo dogo kama wimbo. Ukiwa peke yako katika unachokipenda, kiseme hivyo hivyo, kwa adabu, na macho juu. Wanaokusemea hawatakuwapo siku zote.

Mungu akupe moyo usiotetereka na ulimi wenye adabu, na kila litakapoitwa jina lako, uwepo uitike. Sasa lete hiyo simu yangu, unioneshe pa kubonyeza. Wimbo naujua mwenyewe.