Mnyororo wa Nanga ya Baba

Jumapili iliyopita mdogo wangu Salimu alizibwaga nanga mbili barazani kwangu hapa Kilifi, na kabla sijazitazama, harufu yake ilikuwa imeshanifika. Chuma kilichokwisha kukaa baharini kina harufu yake, ukali wa kutu na mwani uliooza kwa mbali, na ukikishika, harufu hiyo hukaa kiganjani hata ukinawa kwa sabuni mara mbili. Nilijikuta nanusa viganja vyangu, ambavyo havikuwa vimegusa kitu.

Salimu amenunua boti ndogo ya kutembelea, ya kuwapeleka wanawe kwenye mkono wa bahari siku za mapumziko. Alitaka nimchagulie nanga, kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa, na kwa kuwa, alisema huku akicheka, hataki kurithi mkosi wa Baba. Nikacheka naye. Kisha nikamwambia anisubiri kidogo, nikaingia jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Chai ile ilichukua muda mrefu kuchemka, na nilikuwa na mengi ya kukumbuka.

Baba yetu alikuwa fundi saa, Malindi, katika miaka ya themanini, zile saa za betri zilipokuwa ndiyo kwanza zinajaa madukani. Alikuwa na meza ndogo karibu na dirisha, na kioo cha kubana jichoni ambacho mara nyingine alisahau kukivua akaja nacho mezani kula. Mteja akija kuchukua saa yake, Baba aliiweka sikioni, akafumba macho, akasema, "Hii sasa ni saa." Basi. Hakuna aliyethubutu kuilinganisha na nyingine. Mjini watu walimwamini, na yeye alijiamini, na mimi nilidhani baba wote wako hivyo.

Boti tuliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba ufuoni. Alipofunga virago kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia Baba boti yake ndogo ya mbao yenye mashine, shukrani kwa saa ya ukutani ambayo Baba aliiuguza miaka nenda miaka rudi. Mama hakufurahi. Yeye alizaliwa katika watu wa visiwa vya kaskazini, ndugu zake wote wavuvi, na hakuelewa vipi mtu mwenye akili timamu aende baharini kwa makusudi ya kutorudi na samaki. Baba alisema tutakuwa tunakwenda kupunga upepo. Mama akamwambia upepo uko hata uani.

Boti ile haikuwa na nanga, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiifunga kwenye boya lake mbele ya nyumba. Mjomba Kombo, kaka yake Mama, mvuvi wa Mayungu, alisema hilo si jambo la kuumiza kichwa, achukuliwe fundi wa kuchomea vyuma amtengenezee Baba nanga ya makucha manne kama walizo nazo watu wote. Lakini Baba hakuwa mtu wa kufanya kitu kwa kuwa watu wote wanakifanya. Kwa wiki tatu alikwenda kila mahali tulipokusudia kutua, akapiga mbizi, akarudi na alichokikuta chini ndani ya chupa za maziwa. Akazipanga chupa dirishani. Mchanga, mchanga, mchanga. Nanga ya makucha, alisema, ni ya kung'ang'ania mwamba. Mchangani itapita tu kama kitana. Mwishowe alipata kwa muuza vyuma chakavu nanga nyingine, nyepesi, yenye mabawa mawili bapa. Mjomba alipoiona aliishika kwa kidole kimoja na kuuliza kama ni ya kupalilia mchicha.

Baba hakukasirika. Aliniita mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, akaleta bakuli la sukari, kijiko, na mkufu wa saa ya mfukoni. Alikifunga kijiko kwa uzi, akauvuta kwa juu, na kijiko kikachomoka kwenye sukari. Halafu akatia ule mkufu kati ya uzi na kijiko, akavuta tena. Mkufu ulilala juu ya sukari, ukakivuta kijiko ubavuni, na kijiko kikazama. "Nanga haishiki kwa uzito, mwanangu," alisema. "Yashika kwa kulala, na mnyororo ndio unaoilaza." Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nangoja amalize nirambe kijiko.

Hivyo ndivyo tulivyopata nanga yenye mnyororo wa pima moja na nusu, halafu kamba. Na kwa kuwa chuma kikiachwa ufuoni hakikutwi asubuhi, wezi hukipitia, kila tuliporudi matembezini mimi ndiye niliyeibeba nanga hadi nyumbani, Baba akiwa na mashine begani. Nanga yenyewe haikunisumbua. Mnyororo ndio ulionitesa. Ulilia njia nzima, kutoka ufuoni, kupita dukani, kupita bombani ambako wasichana wenzangu walikuwa wakiteka maji. Walinisikia kabla hawajaniona. "Mfungwa kapita," wakawa wanaimba, na mmoja akawa anatembea nyuma yangu kwa hatua fupifupi, kama aliyefungwa miguu. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya nne nililia. Siku ya sita nilichukua koleo la Baba, nikaifungua ile pingu ya chuma iliyoshika mnyororo, nikaifunga kamba moja kwa moja kwenye nanga kwa fundo alilonifundisha yeye mwenyewe. Mnyororo nikautupa katika shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba, wiki ileile walipokuwa wakilifukia. Nilisimama nikausikia ukishuka. Niliona raha ambayo mpaka leo naionea haya.

Nilijiambia nitamwambia. Kisha nikajiambia chuma ni chuma, nanga bado ipo.

Jumapili iliyofuata Mama alikubali kwa mara ya kwanza kuja nasi, na mimi nikatangulia ufuoni na nanga kabla yao. Tulikwenda kusini, kwenye fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa, upande wa Mayungu. Kutia nanga ilikuwa kazi yangu, heshima niliyopewa kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa mbele kwenye omo, Baba nyuma kwenye mashine. Niliishusha upesi asije akaiona.

"Imelala?" Baba aliuliza.

"Imelala, Baba."

Kamba ilikuwa imekaza kidogo, na hilo lilimtosha. Aliniamini. Tulishuka na kapu la mikate ya mofa na samaki, tukamwacha Salimu, mwenye miaka minne, amelala botini chini ya turubai, maana Mama alisema jua la mchangani litamuunguza. Boti ilikuwa hatua thelathini tu kutoka tulipokaa. Nakumbuka Mama alivyolowanisha miguu yake na kusema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba kumbe kuzuri.

Maji yalipoanza kujaa, mkondo uligeuka. Mama ndiye aliyeinua macho. Boti haikuwa hatua thelathini tena. Ilikuwa ikiondoka polepole, bila kelele, ikielekea mwambani, kule mawimbi yanakovunjika. Baba aliingia majini na nguo zake. Niliona kichwa chake kikitokeza na kupotea, na boti ikiendelea kumtangulia, na nilijua, katika sisi watatu mimi peke yangu nilijua, kwa nini. Mama aliita jina la Salimu mpaka sauti ikamkauka. Maji yalikuwa yamepanda juu ya kapu letu na mikate ilikuwa ikielea. Mimi sikuita. Niliogopa nikifungua mdomo litatoka lile lingine.

Mjomba Kombo ndiye aliyemwokoa. Alikuwa akirudi kuvua na wenzake, akaikuta boti ukingoni mwa mwamba. Nanga ilikuwa imenasa mawe hatimaye, na boti, imeshikwa pua, ilikuwa ikinywa kila wimbi. Salimu alikuwa ameshikilia ubao, kidevu kimepasuka, damu mpaka kifuani. Mjomba alimtoa kwanza, kisha akaikata kamba kwa kisu. Nanga ikabaki chini. Akamwokota Baba akiwa hoi, halafu akaja kutuchukua sisi tukiwa tumesimama katika maji ya kiuno.

Ufuoni Mayungu watu walikusanyika. Mjomba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameingiwa na hofu, na hofu yake ilimtoka kama hasira.

"Nalikwambia, shemeji. Nalikwambia ile si nanga."

Baba alikuwa amekaa mchangani, anatapika maji. Nilimtazama. Alikuwa akifikiri, najua alikuwa anarudia chupa zake moja moja, mchanga, mchanga, mchanga, akitafuta alipokosea. Alinitazama mara moja, na nilikuwa na neno moja tu la kusema.

"Nimekosa mimi," Baba alisema. "Ulinambia."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nami nikanyamaza.

Boti alimpa Mjomba. Mama hakumsemesha Baba mwezi mzima, na aliporudi kumsemesha, alisema naye kama anavyosemeshwa mgonjwa. Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa mezani kwake. Mteja akija, Baba aliiweka saa sikioni, akafumba macho, akafumbua, akasema, "Kailinganishe na nyingine, uhakikishe." Watu wakaanza kulinganisha. Wengine wakaanza kwenda kwa fundi mwingine. Nyumbani kila jambo likawa la kumuuliza Mjomba Kombo. Nilipofaulu kwenda shule ya bweni, mbali, Baba alitaka niende, niliona usoni mwake alitaka. Mjomba akasema msichana hapelekwi mbali hivyo. Baba wa zamani angezijaza chupa mchanga akambishia. Baba huyu alisema, "Kombo ajua zaidi." Nikabaki, na nikaona ndiyo malipo yangu.

Nilimwambia miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa mzee, macho yamemwisha. Nilikwenda Malindi kwa ajili hiyo tu. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamweleza yote: wasichana wa bombani, koleo, fundo, shimo la choo. Nililia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na kwa kweli nilikuwa naitamani.

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Chooni?" alisema. "Mwanangu, hata uongo hukufunzwa."

Nilimwapia. Akanipapasa kichwa. Alisema amezaa mtoto mwenye huruma, aliyesafiri kuja kumtoa mzee aibu kabla hajafa, na kwamba Mungu atanilipa. "Lakini nanga nalichagua mimi," akasema. "Nimeshajisamehe. Nawe niachie."

Kile choo kilikuwa kimejengewa juu kitambo. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilielewa siku ile kwamba ukweli wangu ulikuwa na siku yake moja, ufuoni Mayungu, na kwamba nilipoufikisha ulikuwa umeshageuka kuwa zawadi ya mtoto mwema. Alifariki kabla mwaka haujaisha, bila kunisamehe jambo ambalo hakuamini nililifanya.

Chai ilikuwa imechemka mpaka ikapungua nusu. Nikatoka nayo barazani. Salimu alikuwa amechuchumaa mbele ya zile nanga, moja ya makucha manne, nyingine ya mabawa mawili bapa, akijikuna kovu la kidevuni kama afanyavyo akifikiri. Nikaigusa ile ya mabawa.

"Chukua hii. Na kanunue mnyororo, pima moja na nusu, usipunguze."

"Dada, si ndiyo hii iliyotaka kuniua?"

Niliweka chai chini. Viganja vyangu sasa vilinuka kwelikweli.

"Siyo hii, Salimu," nikamwambia. "Ni mimi. Kaa nikueleze, na wewe uniamini."