Ugomvi wa Baba na Baba Mkubwa Ulivyogeuka Kivutio cha Watalii

Siku baba yangu na kaka yake walipokumbatiana baada ya miaka mingi ya kununiana, watalii waliwazomea.

Ndiyo. Waliwazomea. Mmoja akapiga na miluzi kabisa.

Msinione mwongo. Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria.

Naitwa Jerica. Kwetu ni Zatrebovec, kijiji cha milimani huku Slovenia. Hata Waslovenia wenzetu wakisikia hilo jina wanauliza, "Ndiyo wapi huko?" Hatuna kasri. Hatuna ziwa. Tuna kanisa, baa ya Bogomir na baridi.

Na tulikuwa na ugomvi.

Baba yangu Ludvik na baba mkubwa Zdravko walirithi nyumba moja. Wakaigawa kwa rangi nyeupe. Mstari ulianzia barabarani, ukakata ua, ukapanda ukutani hadi chini ya paa. Huku kwetu, kule kwake.

Hawakusemeshana. Walimtumia mbwa.

Kila Jumapili wakitoka misa, kila mtu anasimama upande wake. Mbwa wetu Piki amelala katikati, hana habari.

"Piki, mwambie huyo jirani yako suruali yake inanuka mbuzi."

"Piki, mjibu kwamba heri kunuka mbuzi kuliko kuzaliwa mbuzi."

Hivyo hivyo mpaka supu ipoe.

Chanzo chake hakikuwa cha kuchekesha. Bibi alipofariki, baba mkubwa alikuwa dereva wa lori Ujerumani. Theluji ikamkwamisha njiani. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Akaamini baba hakumsubiri, akamgeuzia mgongo.

Kesho yake akanunua kopo la rangi.

Basi, Jumapili moja akatokea dada mmoja wa Kiholanzi, Marijke. Kazi yake ni kuzunguka Ulaya akitafuta sehemu zenye mila za ajabu ambazo watu hawajazigundua, kisha anaziandika mtandaoni. Venisi alishaichoka. Paris hataki hata kuisikia.

Gari lake likamzimikia mbele ya nyumba yetu. Akasikia kelele. Akachungulia uani. Akatoa kamera.

"Hii ni nini?" akamuuliza Bogomir, ambaye ni mwenye baa na pia ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji.

Bogomir hakupepesa hata jicho.

"Mila, dada yangu. Ya mababu."

"Ya tangu lini?"

"Tangu kabla Waturuki hawajatuvamia, mamia ya miaka."

Nilipaliwa na bia.

Marijke akaandika. Jamani, yule dada anajua kuandika! Kwamba sisi ni watu wa kale tunaotoa hasira zetu kupitia mnyama mtakatifu. Piki, ambaye wiki ile alikuwa ameiba soseji za padre, akawa mnyama mtakatifu.

Majira ya kuchipua yalipofika, mabasi yakaanza kumiminika.

Bogomir akaagiza viti. Kijiji kikaupaka mstari rangi mpya. Akina mama wakafuma wanasesere, vibabu viwili na mbwa, wakawa wanauza. Padre naye akaanza kufupisha mahubiri ili watu wawahi.

Watalii walicheka mpaka machozi. Wazee wangu hawakuwa wanachekesha. Kila tusi lilitoka pale pale lilipokuwa linauma.

Sasa Jumapili moja, mama mmoja wa Kidenmaki akanyoosha mkono. "Binti, waulize. Waligombania nini?"

Bogomir akanikonyeza: ongopa chochote, twende mbele.

Nikamwangalia baba yangu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Hata mimi mwanawe.

Nikamuuliza.

Baba akamwinamia mbwa.

"Piki, mwambie..." Akamkuna masikio. Akaanza upya. "Mwambie barabara ilikuwa inafungwa na padre anataka kuondoka. Mwambie nilikaa juu ya jeneza la mama. Nikawaambia wachimba kaburi kaka yangu yuko njiani. Wakanibeba mzobemzobe kunitoa. Mwambie nilipiga kelele mpaka nikaishiwa sauti."

Baba mkubwa alikuwa ameshika kofia yake kama mtu anayekamua nguo.

"Piki, muulize kwa nini hakuniambia siku zote hizo."

"Piki, mwambie hakuniuliza. Alinunua rangi."

Baba mkubwa akaukanyaga mstari. Akauvuka.

"Mdogo wangu," akasema. Hakumtuma mbwa.

Wakashikana, wanalia kama watoto. Mimi nalia. Kutafsiri nikashindwa.

Nyuma huko mtu akafoka, "Mbona wanaacha? Tumetoka Ubelgiji kwa basi!"

"Waanze upya!" mwingine akadakia.

Hapo ndipo zomeazomea ilipoanza. Wazee hawakusikia. Walikuwa wameshatoka kwa mlango wa nyuma, wanaelekea makaburini wawili peke yao.

Jioni Bogomir akavamia jikoni kwetu, jasho linamtoka.

"Mnaniua, ndugu zangu! Gombaneni Jumapili tu. Siku nyingine pendaneni mnavyotaka!"

Wakamwonea huruma. Jumapili iliyofuata wakajaribu.

"Piki, mwambie huyo mzee... kaka, ulikunywa ile dawa ya kifua?"

"Nilikunywa."

Watalii wakaguna.

Bogomir akakata tamaa nao. Akaleta waigizaji wawili kutoka mjini, wenye masharubu ya kubandika. Wale vijana wanatukanana vizuri, siwezi kuwanyima sifa yao. Watu wanapiga makofi.

Na wazee wangu? Kila Jumapili walikuwa wanakaa kwenye ngazi za mlangoni na chupa yao ya divai, wanajitazama wakiigizwa, wanacheka mpaka wanaegemeana.

Sasa sikilizeni hii.

Mwezi uliopita mtalii mmoja kaandika hivi mtandaoni: "Zatrebovec ni mila halisi, haijachakachuliwa. Kasoro ni moja tu. Kuna wageni wawili wazee, walevi, wanakaa ngazini kucheka hovyo wakati wa ibada. Wenyeji wawafundishe kuheshimu utamaduni wa watu."

Bogomir akaja na kofia mkononi. Anakwepa macho. "Ludvik, Zdravko... Jumapili mngekuwa mnakaa ndani."

Nikajua leo kimenuka. Baba mkubwa akafikiri, kisha akasema, "Sawa, tutakaa ndani. Ila yule anayeniigiza mimi mwambie apaze sauti, kioo cha dirisha letu ni kinene, hatutasikia."

Mimi nimejifunza hivi. Ukienda mbali kutazama maisha ya watu, kumbuka wenyewe hawaigizi. Na wewe uliyenuniana na ndugu yako, muulize leo ilikuwaje. Ukichelewa, watalii watawekewa viti kuwatazama.