Skrini za Leland

Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatatu asubuhi, Leland Petrakis alipita kwenye chumba cha rangi cha studio ya katuni pale Burbank akibonyeza kitufe cha kila skrini ili kuiondolea sumaku inayochafua rangi. Kila moja ilinguruma kidogo, picha ikatetemeka, ikatulia. Siku hizi Jumatatu chumba ni kimya, na madoa ya waridi yameanza kuota kwenye pembe za skrini.

Kuta za chumba kile ni za kijivu, na fundi hutakiwa avae koti la kijivu, rangi ya shati lake isije ikaakisi kwenye kioo. Leland alilivaa hata kantini. Wachoraji wa katuni wakamwita Panya. Alivumilia. Mkewe, Odette, alikuwa na saratani, na dawa zake zililipwa na bima ya kazi hii.

Maradhi ya kompyuta zile kongwe aliyasoma kwa jicho. Skrini ikiwa ya manjano, waya wa buluu umelegea. Ukikatika wa kijani, picha haipo kabisa, maana mapigo yanayoipanga husafiri humo.

"Programu haiozi," alizoea kusema. "Waya ndio huoza."

Trent, mmoja wa wapaka rangi wa katuni, aliijua imani hiyo. Asubuhi ambayo wateja wangekuja kutazama filamu, aliandika mstari mmoja wa amri kwenye kibodi, nyuso zote zikawa buluu.

"Panya, njoo! Binti mfalme kageuka maiti!"

Leland akapiga magoti. Akachomoa nyaya tatu, akasafisha pini, akazirudisha. Buluu. Akaleta skrini nyingine. Buluu. Akafungua tumbo la kompyuta.

"Ilambe, mzee," Trent akasema. "Au iimbie." Wenzake wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Marcy, meneja, aliingia na wateja, akamkuta chini ya meza, skrubu mdomoni.

"Bado, Leland?"

"Ni waya tu, bosi. Nipe dakika tano."

"Hizo dakika tano tunazisikia tangu saa mbili," Trent akasema. Akainama juu ya kichwa cha mzee, akaandika mstari mwingine. Nyuso zikarudi. Wateja wakapiga makofi.

Leland akatazama kibodi, kisha Trent.

"Ni wewe uliyeiharibu."

"Mimi nimetengeneza. Wewe umefanya nini?"

Marcy hakuuliza zaidi. "Koti liache kwenye kiti," akamwambia.

Bima ilikoma mwisho wa mwezi. Odette alizikwa Novemba. Leland sasa anaegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja Pasadena, zamu ya mchana, na koti wanalompa huko ni jekundu.