Buti za Misa

Rozalia wa Mwandiga anaponda kokoto tangu ana mimba ya Bariki, na Bariki sasa ana watoto wake. Kila kinachojengwa huku, darasa, zahanati, daraja, kokoto zake zimo. Ilipoanza barabara ya lami ya kupanda Kalinzi, akamwambia mumewe, "Baba Bariki, safari hii na wewe nenda ukaonje hayo maendeleo." Pastory akaenda, kampuni ikampa buti mpya za ngozi, zenye chuma mbele.

Buti zile hazikukanyaga kifusi hata siku moja. Kitu kizuri namna ile, ukachezee vumbi? Pastory alizipaka mawese, akazitundika kwenye msumari, zikawa za misa. Kazini alikwenda na makatambuga yake ya tairi, na wenzake vilevile. Jumapili, ungeingia kanisani ungedhani jeshi limekuja kusali.

Basi jiwe likaporomoka kutoka kwenye lori, likamsaga mguu wa kushoto. Hospitali wakaukata.

Kampuni ikaleta neno: aliyeumia amevaa vifaa vyake atapewa kazi ya kukaa getini; aliyeumia bila vifaa ni uzembe wake, arudi nyumbani. Davis, msimamizi wa usalama, angekuja kesho yake kuiona buti.

Rozalia akaitungua ya kushoto, akaiweka juu ya jiwe lake la kupondea, akashika nyundo.

"We Mama Bariki! Hiyo ya kanisani!"

"Utaivalia mguu gani?"

Tangu akatwe Pastory hakulia. Siku ile alilia. Rozalia akapiga tu, mpaka chuma kikabonyea.

Davis alipofika akaamkia, akaipokea buti, akaingiza mkono ndani, akaunusa.

"Mama, mguu umesagikia humu, damu iko wapi? Nasikia harufu ya mawese tu."

"Tuliiosha."

"Halafu mkaipaka mafuta?"

Rozalia akaitazama nyundo. Uongo hakuuzoea, alidhani nyundo inatosha.

Davis akakaa juu ya rundo la kokoto bila kukaribishwa. "Kila kijiji ni hivi hivi. Mnazitunza mpaka mnaumia. Nikiandika ukweli, mzee hana kazi. Nikiandika uongo, mimi ndiye sina."

"Na ulipowaona wote wana makatambuga, ulikuwa unaangalia nini?"

Davis akainama. "Barabara ilikuwa imechelewa, mama. Tuliambiwa kazi isisimame."

Akaenda zake. Habari ya getini haikusikika tena.

Siku hizi Pastory anakaa juu ya gunia karibu na mkewe, naye ana nyundo yake. Kazi hii haidai mguu. Lori la lami likija kuchukua kokoto, dereva hupiga honi, na Rozalia anapakia bila kuinua uso. Jumapili huipaka mawese ile buti iliyobaki, akamvisha mumewe, akamfunga kamba zake, wakateremka kanisani pole pole, pembeni mwa lami.